Mwajiri wa Watoto Watatu

Baba watoto ni mhasibu, na mhasibu akiona fedha inatoka bila risiti, usingizi humpaa. Kilichomkera ni elfu moja moja za matumizi ambazo watoto walikuwa wakipokea kila Jumamosi kwa kosa la kuamka salama, huku vyombo vya jana vikilala kwenye beseni na sauti yangu ikikauka kwa kuita majina. "Fedha inatoka, kazi haionekani," akasema. Akakata ubavu wa boksi la sabuni, akachukua kalamu nene, akaandika orodha na kuipigilia msumari mlangoni mwa jiko.

Kuosha vyombo vya usiku, shilingi 300. Kufagia uwanja, 200. Kupiga deki sebuleni, 200. Kukuna nazi, 150. Kufua na kuanika, 500. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: malipo ni Jumamosi baada ya ukaguzi, hela ya bure imefutwa.

Bibi yao mzaa baba alikuja kwetu Tabata kutoka Pangani kutibiwa macho, macho yakapona, safari ya kurudi ikasahaulika. Aliomba asomewe ile orodha. Akaisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na kuniamkia mimi asubuhi ni shilingi ngapi?"

Baba watoto akacheka. Bibi hakucheka.

Mwanzoni nyumba iling'aa hadi nikaogopa kuikanyaga. Kifungua mimba, binti wa kidato cha pili, akawa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi ufagio. Wa kati, mvulana wa darasa la sita, akikuta uwanja umeshafagiwa, anahamia mbele ya geti la jirani, kisha anarudi na madai. Kitindamimba wa darasa la pili alipiga deki sebule akalipwa. Muda si mrefu kikombe cha uji kikamwagika palepale, na aliyekuwa karibu, tambara likiwa tayari mkononi, ni yeye mwenyewe. Mhasibu akalipa mara ya pili, akasema juhudi ni ya kutiwa moyo.

Mimi nilinyamaza nikawa naangalia yale ambayo hayakuandikwa kwenye boksi. Ndoo ya maji ya kunywa ikiisha, inabaki tupu. Bibi akidondosha miwani, anaipapasa mwenyewe chini ya kiti. Kandambili za mgeni zinakaa kizingitini na kila mtu anaziruka. Zamani hayo yalifanyika bila mtu kujua nani kayafanya. Sasa kila kitu kilikuwa na bei, na kisichokuwa na bei hakikuwa na mwenyewe.

Hilo lilidhihirika siku ya mvua. Wingu lilitanda upande wa Segerea, upepo ukainua vumbi, na kamba nzima ilikuwa imejaa: sare za shule, mashuka mawili, kanga za bibi. Matone ya kwanza yakagonga bati. Watoto watatu walikuwa barazani, wamekaa, macho kwenye kamba. Nikapaza sauti kutoka jikoni, "Nguo!" Wa kati akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, kwenye orodha ipo kuanika. Kuanua haipo." Binti alikuwa ameshainuka nusu, aliposikia hoja hiyo akakaa tena kuitafakari. Nilitoka mwenyewe, unga mikononi, nikazikwanyua pini zikaruka hadi kwenye matope. Shuka moja lilikuwa tayari limeburuzika chini. Jioni mhasibu aliongeza mstari: kuanua, shilingi 100, na wakati wa mvua 150.

Likafuata suala la sufuria la ugali. Wa kati alidai sufuria lenye ukoko haliwezi kuhesabiwa pamoja na vikombe. Alipokataliwa nyongeza, akabuni njia yake. Alilijaza maji akaliacha usiku kucha, hadi ukoko ukavimba, ukaachia kingo, ukainuka mzima mzima kama ngozi ya ngoma. Hakusugua hata mara moja. Nilikiri moyoni kwamba huyu atafika mbali, na hakukawia kufika.

Siku chache baadaye nikasikia hodi. Alikuwa mama jirani, kajifunga kanga kiunoni, dalili kwamba hakuja kuazima chumvi.

"Jirani, mie si mtu wa maneno. Ila naomba kuuliza, mwanangu tangu lini amekuwa dada wa kazi humu? Tena kwa shilingi mia?"

Kumbe kazi ya vyombo ilikuwa imetolewa kwa mkandarasi mdogo. Mwanangu alimwita mtoto wa jirani kupitia uani, akampa 100, yeye akabaki na 200 na muda wa kucheza mpira. Baba watoto alimgombeza kwa ukali mbele ya mgeni. Lakini mimi ninayemjua nilimwona anapiga hesabu ya faida kichwani, na uso wake haukuwa wa huzuni.

Pigo la sheria lilitoka kwa binti. Shuleni walikuwa wanasoma haki za raia, naye akasoma zaidi ya alichofundishwa. Jumamosi ya malipo alikuja na daftari. "Baba, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kazi ya kuanzia saa mbili usiku inaongezewa asilimia tano. Vyombo vya usiku tunaosha saa tatu. Na kazi ya siku ya mapumziko inalipwa mara mbili."

Mhasibu akatafuta kwenye simu. Ilikuwa kweli. Akajikaza, akajibu kwa sheria nyingine: Sheria ya Mtoto ya 2009, ambamo umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. "Kwa hiyo wewe wa miaka 15 ndiye pekee mwenye haki ya kudai. Hawa wawili hawana."

Binti akamtazama kwa huruma. "Baba, hawa wawili maana yake umewaajiri kinyume cha sheria."

Bibi, aliyekuwa anachambua mchele, akaangua kicheko hadi mchele ukamwagika.

Hata hivyo utaratibu ule haukuangushwa na sheria. Uliangushwa na tarehe za katikati ya mwezi. Vyuma vilikaza, na Jumamosi moja malipo yakaahirishwa. Usiku uleule umeme ukakata, uniti zimeisha. Baba watoto akasimama gizani akiwaza, kisha akakumbuka kwamba kitindamimba ana kibubu chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyemshikia tochi ya simu. Alikipindua kile kisanduku cha mbao juu chini, akapenyeza kisu cha mezani kwenye tundu, akakitikisa taratibu. Sarafu zikawa zinateleza juu ya bapa la kisu, moja moja, na kuangukia kwenye kanga niliyoitandaza ili zisilie. Nyati za mia tano, simba za mia mbili. Akaenda na mfuko wa sarafu kwa wakala wa LUKU, na taa zikawaka.

Asubuhi mtoto alitikisa kibubu chake kama kawaida yake kabla ya kunywa chai. Akatikisa tena. Akakiweka mezani mbele ya baba yake, akakunja mikono.

Deni lilikubaliwa: shilingi 6,400. Wa kati akamnong'oneza mdogo wake adai elfu saba. Bibi akasikia, akapiga ungo kofi: "Riba hailiwi nyumba hii!" Lakini habari ya kwamba mwajiri hana kitu ilishaenea. Kesho yake hakuna aliyeshika ufagio, na beseni likajaa hadi vikombe vikapandana na masufuria.

Usiku huo bibi alituita sote barazani. Hakutukana wala hakulia. Yeye alisoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, shule zilipokuwa na mashamba na mwanafunzi akitoka darasani anakwenda kushika jembe. Alisema hawakulipwa, lakini mahindi waliyolima waliyala. Fedha mtoto aliiona sikukuu, anapozunguka na nguo mpya kupokea mkono wa Idi, na akipata senti hamsini yenye sungura anaifunga kwenye pindo la gauni. "Ile alipewa kwa sababu ni mtoto wa watu," akasema. "Na kuni aliokota kwa sababu hiyohiyo. Nani kawaambia kimoja ni malipo ya kingine?"

Binti akafungua daftari lake, akakiri kwamba kwenye ileile Sheria ya Mtoto kipo kifungu cha wajibu wa mtoto: kudumisha mshikamano wa familia, kuwaheshimu wazazi na wakubwa, na kuwasaidia wanapohitaji. Alikuwa amekiona tangu mwanzo. Hakikuwa na faida kwenye madai yake, basi akakiruka.

Tulikubaliana hivi. Elfu moja ya Jumamosi imerudi bila masharti, ili wajifunze kuitunza na kuimaliza. Atakayeimaliza Jumapili asimtazame mtu Jumatatu. Kazi za nyumba ni za zamu, hazina bei, na baba watoto naye ameingizwa: Ijumaa sufuria la ugali ni lake. Kinacholipwa ni kazi ambayo vinginevyo tungemwita fundi au kibarua, kama kusafisha simtanki au kufyeka majani nyuma ya nyumba, na mapatano hufanyika kabla ya kuanza. Wa kati ameshaomba zabuni ya simtanki. Tumemruhusu, kwa sharti kwamba aingie ndani yeye mwenyewe.

Deni la kibubu halikufutwa. Linalipwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na mdai analiandika nyuma ya daftari la Hisabati, ambako mwalimu wake ameshaliona na kuliwekea alama ya vema.