Mtandio wa Hariri katika Joto la Kariakoo

Mtandio wa kufuma wenye matundu hutengenezwa kwa sindano mbili nene kiasi na uzi mwembamba sana, ili kitambaa kibebe hewa nyingi kuliko uzi. Uzuri wake wote uko hapo, na taabu zake zote pia. Tundu hupatikana kwa kuzungusha uzi juu ya sindano mara moja bila kufuma kitu. Mzunguko huo huzaa kitanzi kipya, kwa hiyo mahali fulani katika safu hiyohiyo vitanzi viwili lazima vifumwe pamoja viwe kimoja, hesabu irudi palepale. Anayeanza na vitanzi 75 anatakiwa amalize safu na vitanzi 75. Akimaliza na 74, kuna tundu amelisahau. Akimaliza na 81, anafumia Kariakoo.

Ufumaji wenyewe si mgeni mjini Dar es Salaam. Vizazi vya wasichana vimejifunza kroshia shuleni katika somo la sayansi kimu, kwa masista wa misheni au kwa shangazi, na matunda yake yalitanda sebuleni mwa watu: kitambaa mgongoni mwa kochi, kitambaa juu ya redio, kitambaa juu ya televisheni kikining'iniza kona yake mbele ya kioo, hata msomaji wa taarifa ya habari akaonekana anachungulia dirishani. Lakini kroshia ina huruma. Sindano yake ni moja, yenye ndoano, na kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Ikianguka, kazi inabaki ilivyokuwa. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote 75 viko wazi kwa pamoja, vinamsubiri mtoto wa jirani apite mbio.

Uzi ndio mtihani wa kwanza. Kariakoo huuza karibu kila kinachouzika, na maduka ya vifaa vya mafundi cherehani yana nyuzi za kila rangi. Hata hivyo, anayeulizia uzi wa hariri iliyochanganywa na mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, huoneshwa kwanza uzi wa cherehani, kisha uzi wa sweta za watoto, na mwisho uzi wa kusukia nywele. "Chukua huu dada yangu, ukisuka unafika kiunoni." Muuzaji hajakosea sana, kwani mtandio nao ni wa kichwani. Basi uzi wa kifahari huletwa na ndugu aliye Muscat au London, umepakiwa katikati ya chokoleti na viatu, bei yake ingali imebandikwa. Kibonge cha gramu 25 cha mchanganyiko huo huwa na mita 210 hivi, karibu urefu wa viwanja viwili vya mpira, na anayekishika mkononi hana hakika kama ameshika kitu. Bei ndiyo nzito.

Kuhusu rangi, anayetaka amani aiepuke nyekundu. Makao ya klabu ya soka ya Simba, wavaa nyekundu, yako Mtaa wa Msimbazi, na Yanga wa njano na kijani hawako mbali, upande wa Jangwani. Uzi mwekundu ukionekana barazani, wapita njia huacha kumuuliza mfumaji habari za nyumbani wakaanza kumuuliza habari za usajili. Kijivu ni salama, ingawa nacho kina watu wa kukitolea pole.

Majira yana neno lake. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na unyevunyevu wa bahari hukaa ndani ya nyumba kama mpangaji aliyeacha kulipa kodi. Beda Amuli, msanifu wa jengo la Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, alilijua joto hili. Aliacha jengo wazi pembeni na kuliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege, hewa ipate pa kupita. Ghorofa nyingi zilizoota baadaye kulizunguka, mahali palipokuwa na nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa katikati na ua wa nyuma, zimejengwa na watu wasioamini matundu. Ndiyo maana mfumaji hushuka barazani.

Hariri na sufu hunyonya unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mkono haujahisi kuwa zimelowa. Vitabuni hiyo huandikwa kuwa sifa. Barazani huwa maelezo ya jasho la mfumaji linakokwenda. Kidole chenye jasho hakiuachii uzi, sindano ya mwanzi hunata, na sindano ya chuma huteleza ikatoka upande usiotakiwa. Dawa ya mtaani ni kujipaka poda ya watoto mikononi. Inafaa, ila mtandio huanza kunukia kichanga, jambo linaloleta matatizo yatakayoelezwa hapo mbele.

Dawa ya pili ni feni, na ni mbaya kuliko ugonjwa. Mohea ni nyepesi kiasi kwamba upepo wa feni ya mezani huunyanyua uzi kutoka kwenye kibonge. Ncha iliyolegea huelea hewani, huzunguka nyuma ya feni inakovutwa hewa, hupenya wavuni na kujisokota kwenye mhimili. Feni haisimami. Inafuma yenyewe, haraka kuliko binadamu yeyote, na haiachi tundu hata moja. Mwenye feni hugundua pale kibonge kinaporuka mapajani mwake. Umeme ukikatika wakati huo uzi unapona, na joto linarudi.

Hata hivyo joto si adui mkubwa. Adui ni hesabu ya watu wengine. Ufumaji wa matundu huhesabiwa kwa sauti ya chini, kitanzi kwa kitanzi, na Mtaa wa Kongo huhesabu kwa sauti ya juu. Wamachinga wengi siku hizi hawapigi kelele kwa koo. Wamejirekodi, na spika hurudia bei asubuhi hadi jioni bila kumeza mate. Mfumaji yuko kwenye thelathini na sita, thelathini na saba. Spika ya kwanza inasema jero, jero, jero. Ya pili inajibu buku mbili, buku mbili. Anajikuta kwenye thelathini na buku, anasimama, anarudi mwanzo wa safu, na mara hii spika ya tatu inaingia na elfu tano kila kitu, ikitangaza mitandio. Ni mitandio ya kiwandani, myepesi, ina matundu yaliyonyooka, na imefika na kontena zima la wenzake. Mfumaji mwenye busara haulizi bei.

Baada ya spika wanakuja watu. Dar es Salaam watoto wachanga huvishwa sweta, soksi na kofia ya sufu hata mwezi wa Februari, kwa hiyo mwanamke anayeonekana na sindano na uzi laini anajulikana anachokifanya. "Hongera mama, unatarajia lini?" Akikana, ile poda inamsuta. Wazee hawaulizi, huombea. Kueleza kwamba ni mtandio hakusaidii, kwa kuwa kazi yenye matundu kabla ya kufuliwa na kunyooshwa hujikunja ikawa kitu kilichokunyata, kinachofanana na soksi kuliko soksi yenyewe. Wapo pia wanaolitazama tundu kwa huruma na kusema, "Hapa imechanika, shangazi."

Kosa likigunduliwa, kazi hufumuliwa. Mfumaji mzoefu hupitisha uzi wa pamba katikati ya vitanzi vyote kila baada ya safu kumi hivi, ili akifumua aweze kukomea hapo bila kupoteza zaidi. Huo ni uzi wa usalama, na asiyeuweka ana moyo mgumu au mtaa wenye utulivu. Kwa mohea bado kuna ugomvi, maana vinyweleo vyake hung'ang'aniana na uzi ukivutwa kwa nguvu hukatika. Wafumaji wa nchi za baridi hushauri kazi iwekwe kwenye friza kwanza, vinyweleo vilegee. Ushauri ni mzuri. Friza ya Kariakoo, hata hivyo, mara nyingi ni ya jirani, na ndani yake kuna barafu za ubuyu na vibua vya wiki nzima. Mtandio hutoka umelegea vizuri na una harufu ya soko la samaki la Feri.

Ukimalizika, huloweshwa kwa maji baridi na sabuni laini, hukamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, kisha hutandazwa juu ya godoro na kuvutwa kwa pini pande zote ili matundu yafunguke. Hapo ndipo unapokuwa mtandio. Chumbani hukauka polepole hadi ukaanza kunuka uvundo. Juu ya paa hukauka haraka, lakini paa lina wenyewe. Kunguru wa India, ambao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wameijaza Dar es Salaam, hujenga viota kwa vijiti, nyaya na chochote kinachosokoteka. Mohea wanaiona ni godoro. Mtu lazima akae chini ya jua hilohilo aulinde, akiwa na fimbo.

Kazi iliyoanza Januari kwa kawaida humalizika masika yameshapita na kusi imeshika. Juni na Julai, usiku Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 20 au chini kidogo, na mtandio unavalika vizuri alfajiri, au ndani ya ukumbi wa harusi wenye kiyoyozi, mbali na hereni na nguo za shanga zinazonasa uzi. Anayetaka kuanza aanze miezi hiyo, afume usiku spika zikishazimwa, na kwa mara ya kwanza atumie uzi wa pamba. Hufuliwa kwa sabuni yoyote, hufumuka bila friza, na duka lake liko hapohapo mtaani.