Oveni Yangu Inaishia 250

Sukari yangu ya asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, ilisoma 6.4. Nesi akanigeuzia kipimo nikione mwenyewe, kama konda anayekurudishia noti yako iliyochanika. “Ilitakiwa isizidi 6, baba. Ikifika 7 tunaita kisukari. Wewe uko njiani, na naona umewahi siti ya mbele.” Akataka kujua jana yake nilikula nini. Asubuhi mtori, nikamwambia, mchana machalari, usiku ugali kidogo wa kusindikizia mboga, na jioni nilipita kwa shemeji tukanywa mbege. Mbege kiasi gani? Nikamweleza kwamba mbege ya shemeji haipimwi, kata inazunguka tu. Akaweka kalamu chini.

“Punguza wanga.”

Sasa mwambie Mchagga apunguze wanga! Mtori ni ndizi. Machalari ni ndizi. Kiburu ni ndizi na maharage. Mbege ni ndizi na ulezi. Na siku tukifa tunazikwa kihambani, katikati ya migomba, ili hata huko tusije tukapungukiwa.

Nikampigia dada yangu aliyeolewa Minnesota, maana yeye ana miaka miwili hajala ugali na anajisifu kwa jambo hilo. Akafurahi mno. “Kaka, nakutumia mapishi ya biskuti za boga, hazina unga wala sukari. Huku sasa hivi ni vuli, kila nyumba inaoka boga.”

“Hata huku vuli imeanza,” nikamwambia. “Jana imenyesha hadi mfereji umefurika.”

Kimya. Kumbe tunazungumza vuli mbili. Yangu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, matope hadi kwenye kifundo cha mguu, na mlima umejifunika mawingu wiki nzima kama mgeni aliyekataa kuamka. Yake ni majani kugeuka mekundu, kisha kupukutika, kisha watu kwenda kuyapiga picha. Nikachungulia nje nione na mimi nina nini kinachopukutika. Mgomba haupukutishi jani. Jani linanyauka likining'inia palepale mpaka umkatie ng'ombe. Nilichopata ni maua ya mijakaranda, yametapakaa barabarani na bodaboda zinayakanyaga.

Dada akaniambia kwamba huko vuli ikiingia hata kahawa inatiwa boga. Nikadhani ananitania, lakini ni kweli: Starbucks walianza kuuza kahawa ya aina hiyo mwaka 2003, na kwa miaka zaidi ya kumi ilikuwa na viungo vya boga, boga lenyewe halimo. Baba yangu alipalilia mibuni maisha yake yote pale Marangu. Nashukuru hakuishi kuyasikia haya. Halafu dada akanionya kwamba viungo ndivyo vitakavyonipa shida kuvipata: mdalasini, tangawizi, karafuu na kungumanga. Mtu amezaliwa Tanzania, nchi yenye Unguja na Pemba ndani yake, ananihurumia kwa kukosa karafuu! Sikumjibu, dakika za simu zilikuwa zangu.

Jumamosi nikaenda mjini kutafuta unga wa lozi. Niliupata. Nilipotajiwa bei ya pakiti nikauliza kama ni pamoja na mti. Nikanunua karanga.

Boga nililifuata sokoni Kiboriloni. Mama muuzaji akaligonga moja kwa kidole, akatega sikio kama daktari. “Chukua hili, baba. Kavu, linavunjikavunjika kama kiazi.” Nikamwambia sitaki kavu, hilo lina wanga. Nataka lenye majimaji. Akaniangalia. Nadhani tangu aanze biashara hajawahi kuagizwa boga baya. Akainama, akavuta chini ya meza boga moja lililopauka, lina alama ya jembe ubavuni. “Hili nilimwekea ng'ombe,” akasema, “lakini kama unalitaka...” Nikalilipia. Njiani nikajiona mtu niliyeielewa sayansi kuliko soko zima.

Nyumbani nilimkuta mama yangu mzazi, ameshuka kutoka Marangu kuja kupimwa macho. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akisubiri kuona mwanamume mzima anaoka biskuti. Uchaggani mwanamume ana mapishi yake, nayo huanza na mbuzi. Hakusema neno. Alinyoosha khanga magotini tu, kama mtu aliyekata tiketi.

Karanga nilizitwanga kwenye kinu. Maelekezo yanataka unga mkavu; mimi nilizidisha nguvu zikatoka mafuta, nikawa na siagi ya karanga. Boga nalo nilipolichemsha na kuliponda, likageuka supu. Nikapima vikombe viwili vya hiki na kimoja cha kile, kwa kikombe changu cha chai ambacho mke wangu huita ndoo, nikavunja yai, nikatia karafuu na viungo vingine vya dada, nikakoroga. Nilichopata kilikuwa na rangi ya matope ya vuli, ile ya kwangu, na kilitiririka kwenye mwiko bila kigugumizi.

“Mwanangu,” mama akasema hatimaye, “huo uji unamnywesha nani?”

Nikamwambia bado kuna bekingi soda ya kuumua. Nikafungua kabati, hakuna. Mama akaingiza mkono kwenye kikapu chake akatoa kifundo cha kitambaa. Magadi. “Si soda hii hii? Tunatia kwenye kiburu miaka yote.” Nikajiridhisha kwamba ni ndugu, ukoo mmoja. Ni ndugu kweli, lakini ndugu wa aina ya mjomba anayekuja kukaa wiki moja akamaliza mwaka. Nilitia kijiko kizima. Rojo likatoa povu, likachukua harufu ya nguo zinazolowekwa.

Ndipo mke wangu alipotoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Akachungulia bakuli, akavua viatu. “Baba Upendo, weka unga wa ngano kidogo, wa kushikisha tu.” Nikamweleza, kwa utaratibu, kwamba gramu 100 za unga wa ngano zina wanga unaokaribia gramu 76, na boga halifiki hata 10, na kwamba hiyo ndiyo maana nzima ya shughuli hii. Akasema sawa, kijiko kimoja. Kijiko kimoja kikazama bila kuaga. Cha pili. Cha tano akaacha kutumia kijiko. Tulipopata donge linaloshikika, pakiti ya kilo ilikuwa nusu, na mama alitumia nafasi hiyo kumimina asali. “Asali si sukari,” akasema, “asali ni dawa.”

Sasa oveni. Maelekezo ya dada yanasema 350, dakika 12. Oveni yangu inaishia 250. Nikazungusha hadi mwisho, nikasema Wamarekani kwa kuzidisha mambo hawajambo, na zile 100 zinazopungua nitazifidia kwa dakika. Nikaweka dakika 25. Baadaye sana, simu ikiwa mkononi na moshi ukitoka madirishani, ndipo nilipojua kwamba 350 zao ni za Fahrenheit, ambazo kwetu ni kama 177 tu. Awamu ya kwanza ilikuwa nyeusi juu, nyeusi chini, na katikati bado uji.

Nikapunguza moto, nikatia awamu ya pili. Luku ikaanza kulia: ti, ti, ti. Oveni ilikuwa imekula uniti zote. Kabla sijapata simu ya kununulia, nyumba ikazimika.

Mama akainuka. Akaleta jiko la mkaa, akaweka sufuria yenye mchanga, ndani yake sinia dogo, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Biskuti zilikuwa pana, hazikuenea kwenye sinia, kwa hiyo alizifinyanga upya, ndefundefu, nene katikati. Hakuniuliza.

Tukiwa hapo gizani jirani yetu, mzee mstaafu wa nyumba ya tatu, akabisha hodi. Alikuwa ameona moshi, akaja kuuliza kama kuna usalama. Akakaribishwa, maana huwezi kumwacha mtu mlangoni na jiko linanukia. Akapewa sahani. Akala moja, akatafuna taratibu, akatazama juu kwenye dari kama anayekumbuka jambo.

“Katlesi hizi,” akasema, “mmetia nyama gani?”

Mke wangu akaondoka haraka, nikamsikia anacheka chooni. Mzee akaomba pilipili. Akala nne, kwa pilipili na limau, akasema zimekosa chumvi tu, na akaomba mbili za kumpelekea mkewe.

Mimi nilikula moja na nusu kwa ajili ya sayansi. Usiku ule niligawa nusu kilo ya unga na asali ya mama kwa idadi ya biskuti, nikakuta kwamba ningekula ndizi mbili za kuchemsha na maharage ningekuwa salama zaidi, na shibe ningeipata. Kwa dada nilituma picha. Akaandika: “Umepika kababu? Biskuti ziko wapi?”

Zilizobaki, pamoja na zile nyeusi na maganda yote ya boga, mama alizifunga kwenye mfuko Jumatatu asubuhi, akapanda gari la Marangu. Jioni akanipigia.

“Ng'ombe amekula zote,” akasema. “Ila maziwa ya leo, mwanangu, yananuka karafuu.”