Kifaa Kisicho na Karatasi: Masaibu ya USB katika Kompyuta Pepe za Mpakani

Miongoni mwa mambo yanayoweza kumvunjia mtu mzima heshima mbele ya wateja wake katika mji wa Tunduma, flashi inayowaka taa, inayopata joto na kupokewa kwa mlio wa kompyuta, kisha isionekane popote inapotakiwa, inastahili kuwekwa karibu kabisa na nafasi ya kwanza. Fedheha hiyo huongezeka pale ambapo ndani ya kompyuta moja kumewekwa nyingine, yaani kompyuta pepe, ambayo ni programu inayojifanya mashine kamili yenye prosesa, kumbukumbu na diski yake, huku ikiendesha mfumo wake bila kujua kwamba haimiliki hata skrubu moja. Mfumo wa nje, ulioshikilia chuma na umeme, huitwa mwenyeji. Ule wa ndani huitwa mgeni. Na programu inayomwendesha mgeni juu ya mwenyeji huitwa haipavaiza. Mojawapo inayopatikana sana katika ofisi ndogo, kwa kuwa haiombi pesa, ni VirtualBox, iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na kuangukia mikononi mwa Oracle mwaka 2010 pale Sun yenyewe iliponunuliwa.

Sababu ya teknolojia hiyo kufika mpakani haina uhusiano wowote na utafiti wa kisayansi. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu yakawekwa Vwawa, lakini pilikapilika za biashara ziko Tunduma, mahali ambapo barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, huvuka kuingia Nakonde. Pembeni mwa foleni ya malori zimejaa ofisi za mawakala wa forodha, steshenari na maduka ya jumla, na si ajabu kukuta katika ofisi ya namna hiyo programu moja ya hesabu ambayo ilisakinishwa zamani na mtu aliyekwisha kuhama mji, nayo hukubali kufanya kazi kwenye Windows XP tu, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Kompyuta mpya inapoletwa ikiwa na Windows 11, programu hiyo hugoma. Kijana anayeitwa “wa kompyuta”, ambaye aghalabu ndiye pia mtoa fotokopi, hutengeneza kompyuta pepe, huweka XP ndani yake, na kwa siku nzima hutazamwa kama profesa. Kesho yake mhasibu huleta kidude cha leseni, yaani kifaa kidogo kinachofanana na flashi ambacho programu hukitafuta kwanza kabla haijakubali kufunguka, na heshima ya siku iliyopita huisha hapo.

Kanuni inayotawala jambo zima ni kwamba kifaa cha USB hakiwezi kuwa chini ya mifumo miwili kwa wakati mmoja. Kinapochomekwa, mwenyeji hukiona kwanza, hukitafutia draiva, yaani programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho, na kukichukua kuwa mali yake. Ili mgeni akipate, ni lazima haipavaiza imnyang’anye mwenyeji na kukikabidhi ndani, na tangu dakika hiyo mwenyeji hukisahau kana kwamba hakijawahi kuwepo. Mkazi wa Tunduma hahitaji kuchorewa picha ili alielewe hilo. Chini ya utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2019, lori linaloelekea Zambia hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linaloingia Tanzania huzikamilisha upande wa Tunduma. Lakini hata kwa utaratibu huo hakuna lori linaloruhusiwa kuwa la nchi zote mbili kwa mpigo, na kila auzaye mahindi ya kuchoma kando ya foleni anafahamu kwamba gari lililosimama kwa siku kadhaa kwa kawaida lina injini nzima, isipokuwa karatasi zake ndizo hazijakamilika. Kwa mkoa huu, kitu kizito kilichowahi kuingia bila hati yoyote pengine ni kimondo cha Mbozi peke yake, chenye urefu wa takribani mita 3, nacho kilipitia juu. Vifaa vya USB havina bahati hiyo, na mafundi wengi hupoteza siku nzima wakifungua injini ilhali wangepaswa kuuliza karatasi.

Karatasi zenyewe ni namba mbili. Kila kifaa cha USB hubeba namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, kila moja ikiandikwa kwa tarakimu nne za mfumo wa heksadesimali, yaani mfumo wa kuhesabu unaotumia tarakimu 0 hadi 9 pamoja na herufi A hadi F, kiasi kwamba flashi ya SanDisk huanza kujitambulisha kwa 0781, ya Kingston kwa 0951, mausi ya Logitech kwa 046d na modemu ya Huawei kwa 12d1. Haipavaiza hutumia namba hizo kutengeneza kichujio, yaani agizo la kudumu lisemalo kwamba kifaa chenye utambulisho fulani kikichomekwa kipelekwe moja kwa moja kwa mgeni. Utaratibu huo ungetosha endapo vifaa vyote vingekuwa waaminifu, lakini modemu nyingi za intaneti, zile zilizotapakaa madukani kabla simu hazijachukua kazi yake, zina tabia ambayo ofisa yeyote wa mpakani angeitilia shaka: zinapochomekwa hujitambulisha kama diski ya CD yenye programu za kusakinisha, na baada ya sekunde chache hujizima na kurudi zikiwa na namba nyingine ya bidhaa, safari hii zikiwa modemu. Kichujio kilichoandikwa kwa utambulisho wa kwanza huikamata CD kwa bidii, modemu ikapita mbele ya macho yake na kubaki kwa mwenyeji, naye mtumiaji huapa kwamba alikiona kifaa ndani na sasa hakipo. Ushahidi wake ni wa kweli kabisa. Dawa ni kuandika vichujio viwili, kimoja kwa kila jina, na simu za kisasa nazo, zinazobadilisha utambulisho pindi mwenyewe anapochagua kuhamisha faili badala ya kuchaji tu, huhitaji ukarimu huohuo.

Kinyume cha kichujio chenye masharti mengi ni kichujio kitupu, na hapa ndipo elimu hii inapofikia kilele chake cha ucheshi. Kijana, akiwa amechoka kunakili tarakimu, huongeza kichujio na kuacha nafasi zote wazi, akiamini kwamba kisicho na masharti hakina kazi, kumbe kwa haipavaiza nafasi tupu ina maana kwamba yeyote aje. Mgeni anapowashwa hukamata kidude cha leseni kama ilivyokusudiwa, na mhasibu hutabasamu; papo hapo hukamata printa, kisha mausi, kisha kibodi, na mshale wa mwenyeji huganda katikati ya kioo, juu ya jina la mteja. Mkuu wa ofisi, ambaye hajaambiwa lolote, huchomeka simu yake kwenye tundu lililobaki ili ipate chaji, nayo hukamatwa kabla hajaketi. Windows XP, mfumo wa mwaka 2001 ambao haujawahi kuiona simu ya aina hiyo, hufungua kisanduku kutangaza kwamba maunzi mapya yamepatikana na kuomba iwekwe CD yake.

“Simu yangu inadaiwa CD?” huuliza mkuu.

“Hapana, mkuu. Mashine inasoma tu,” hujibu kijana, akitumia maneno ambayo katika ofisi za Kitanzania huahirisha swali lolote kwa muda wa kutosha kunywa chai.

Kitufe cha Ctrl cha kulia, ambacho kwa kawaida humtoa mtumiaji ndani ya mgeni na kumrudisha kwa mwenyeji, hakisaidii katika hali hiyo, kwa sababu kibodi yenyewe imekwisha kuvuka na kila kinachobonyezwa husikika upande wa pili tu. Mwenye laptopu huokolewa na kibodi iliyojengewa mwilini mwake, ambayo mara nyingi haipitii njia ya USB. Mwenye kompyuta ya mezani hubaki na kitufe cha kuzimia umeme na dua.

Chanzo kingine cha kugoma ni matoleo. USB ya kwanza ilitangazwa mwaka 1996, ya 2.0 mwaka 2000 ikiwa na kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, na ya 3.0 mwaka 2008 ikiwa na gigabiti 5; na kompyuta pepe nayo hupewa kidhibiti cha kubuni, yaani kijisehemu kinachoigiza matundu hayo, ambacho msimamizi hukichagua kwa toleo. Hapo kijana, kwa imani kwamba kipya ndicho bora, humpa XP kidhibiti cha 3.0, jambo ambalo ni bure, kwa kuwa wala XP wala Windows 7 haikuzaliwa na draiva ya kukitambua, na kifaa husimama mlangoni pa mgeni asiyejua kwamba nyumba yake ina mlango huo. Akishushwa hadi 2.0, mambo hunyooka. Ifahamike pia kwamba kabla ya toleo la 7.0 la VirtualBox, lililotoka mwaka 2022, vidhibiti vya 2.0 na 3.0 vilihitaji furushi la nyongeza lililopakuliwa peke yake na kulingana kitoleo na programu yenyewe, hivyo wanaotumia matoleo ya zamani wanapaswa kulitafuta kabla ya kumlaumu fundi. Wenye Linux kama mwenyeji hukumbwa na jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba mtumiaji asipoingizwa katika kundi la vboxusers, kisha akatoka kwenye akaunti yake na kuingia upya, orodha ya vifaa itabaki tupu hata akichomeka duka zima. Kuhusu Hyper-V ya Microsoft hakuna haja ya kueleza mengi: haina njia ya kumkabidhi mgeni kifaa cha USB cha kawaida moja kwa moja, na anayeihangaikia anakesha bure.

Umeme nao una sehemu yake. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na pale linapobebeshwa habu isiyo na umeme wake, yaani kigawanyio cha tundu moja kuwa mengi, ambacho tayari kina simu za wafanyakazi wawili na feni ndogo ya mezani, kidude cha leseni huzimia na kuzinduka, na kwa kila mzinduko huanza upya safari kutoka kwa mwenyeji. Umeme wa mtaa unapokatika, laptopu huendelea kwa betri huku printa ikifa. Ukirudi, printa iliyokabidhiwa kwa mkono, bila kichujio, huzindukia kwa mwenyeji, na mgeni hubaki akituma nyaraka kwa printa iliyomhama. Hapo ndipo ujumbe maarufu hutokea, usemao kwamba kifaa kingali kinashughulikia ombi lililotangulia na kwamba mtumiaji ajaribu tena baadaye, maneno ambayo wakazi wa mji huu wamekwisha kuyasikia madirishani bila msaada wa kompyuta.

Tiba ya wengi ni moja: “Chomoa, chomeka tena.” Wasomi huicheka, lakini ina msingi, kwani kuchomoa humlazimisha mwenyeji kukitambua kifaa upya na kuipa haipavaiza nafasi ya kukipitisha kwenye kichujio. Huponya, hata hivyo, pale tu mgeni anapokuwa amewashwa na kichujio kipo. Vinginevyo kifaa hurudishwa kwa mwenyeji kila mara, na mchomekaji hufanya mazoezi ya mkono, tena yaliyoongezwa na umbo la kiungio chenyewe, ambacho hukataa upande wa kwanza. Ajay Bhatt, mhandisi mzaliwa wa India aliyeongoza kazi ya USB katika kampuni ya Intel, amekwisha kueleza kwamba kuunda kiungio kinachoingia pande zote kungeongeza gharama wakati ule. Gharama hiyo imelipwa baadaye na binadamu wote, kwa awamu za sekunde tatutatu.

Utaratibu wa kweli wa uchunguzi huanzia nje kwenda ndani. Kwanza huulizwa kama mwenyeji anakiona kifaa, kwa kutazama orodha ya vifaa ya Windows au kwa amri ya lsusb katika Linux, maana asichokiona mwenyeji hakiwezi kukabidhiwa. Kisha huangaliwa kama kuna dirisha la mwenyeji lililofungua faili za kifaa hicho. Ndipo hufuata kidhibiti, kichujio, na mwisho kabisa draiva ya ndani. Wengi huanza na draiva.

Zipo steshenari zinazoweza kufaidika na kompyuta pepe kwa sababu bora zaidi, nayo ni karantini ya flashi za wateja, zile zinazofika zikiwa na virusi vinavyoficha mafolda na kuacha vivuli vyake. Wazo hilo ni zuri kwa sharti kwamba kichujio kiwepo na mgeni awe amewashwa kabla ya flashi kuchomekwa, na kwamba mgeni huyo asiwe XP, ambayo bila sasisho la mwaka 2011 inaweza kuendesha kilichomo kwenye flashi bila kuuliza mtu. Flashi ikichomekwa kwanza na kichujio kikatafutwa baadaye, mwenyeji amekwisha kuifungua, na karantini inamkinga mgeni dhidi ya ugonjwa alio nao mwenyeji.

Kwa kazi nyingine nyingi za ofisi, flashi haina sababu ya kuvuka. VirtualBox ina folda ya pamoja, inayoonekana kwa mwenyeji na mgeni kwa wakati uleule, na barua au hati ya mzigo ikiwekwa humo husomwa pande zote mbili bila kichujio, bila kidhibiti na bila kuchomoa chochote. Kidude cha leseni na printa kongwe vibaki na haki ya kupita. Vingine vyote vitumie folda. Nawe mteja unayekuja Tunduma kuchapisha nyaraka za mzigo, zitume kwa barua pepe kabla hujaondoka Mbeya, na simu yako ichaji kwenye soketi ya ukutani.