Mwongozo wa Kuangusha Seva Kila Mwisho wa Mwezi

Ofisi nyingi huangusha seva ya hifadhidata kienyeji: leo imeanguka, kesho imegoma kuanguka, hakuna utaratibu. Mwongozo huu ni wa mtaalamu anayetaka kazi hiyo ifanyike kwa uhakika. Mfano wetu ni PostgreSQL juu ya Linux, seva yenye RAM ya gigabaiti 16 na jedwali la mauzo lenye mistari milioni 200. Bosi anataka ripoti saa nne asubuhi, foleni ya wateja imefika mlangoni. Huo ndio wakati mwafaka.

1. Omba vyote. Andika SELECT * FROM mauzo, kisha bonyeza kwa kujiamini. Usitaje safu unazozihitaji, utaonekana mchoyo. Usiweke WHERE wala LIMIT. Mstari mmoja ukiwa na baiti 500 tu, umeagiza gigabaiti 100. Ukiitumia psql ndani ya seva yenyewe, mambo yatakwenda haraka zaidi, maana kwa kawaida yake hulikusanya jibu lote kwenye RAM kabla ya kukuonyesha mstari wa kwanza. Wapo waoga wanaotumia DECLARE CURSOR na FETCH, wakachota mistari elfu moja moja. Usiwaige.

2. Usiulize njia. Ukiweka neno EXPLAIN mbele ya swali lako, PostgreSQL inakueleza itakavyolitafuta jibu, bila kulitekeleza swali lenyewe. Liepuke. Linaweza kukuonyesha maneno Seq Scan, yaani jedwali zima litasomwa tangu mwanzo hadi mwisho, sawa na kumtafuta Juma wa Kariakoo kwa kubisha hodi kila mlango. Na kama aliyekutangulia alikuwa na kiherehere akaiwekea safu ya tarehe faharasa, usihangaike kuifuta. Andika WHERE to_char(tarehe, 'YYYY-MM') = '2024-05', na faharasa ya kawaida itabaki ikikutazama tu. Ukiandika tarehe >= '2024-05-01' AND tarehe < '2024-06-01', itafanya kazi, nawe utakuwa umejiharibia.

3. Gawa kumbukumbu kwa ukarimu. Kipimo kiitwacho work_mem huja kikiwa megabaiti 4. Kipandishe hadi gigabaiti 1 kwa seva nzima. Mwenzako akikuonya kwamba kiasi hicho si cha seva nzima, bali kila upangaji ndani ya kila swali unaweza kujichukulia chake, mwambie akapumzike. Ripoti moja inaweza kuwa na shughuli kadhaa za aina hiyo, na seva isiyoguswa mipangilio hupokea miunganisho hadi 100. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu ni cha gigabaiti 16. Mtu mwenye mashaka angekiongeza kwenye kikao chake peke yake kwa SET work_mem, akamaliza ripoti, akaondoka zake.

4. Msiba ukitokea, usisome logi. Linux ikiishiwa RAM huchagua mchakato mmoja na kuuchinja kwa ishara namba 9. Ukiwa ni wa PostgreSQL, seva huhofia kwamba marehemu ameacha kumbukumbu ya pamoja imevurugika. Hukata miunganisho yote na kuanza kujirekebisha. Ndiyo maana ripoti yako moja inawakwamisha makeshia wote. Logi itaandika waziwazi kwamba mchakato fulani umekufa kwa ishara namba 9, na amri ya dmesg itamtaja aliyeuawa. Maelezo ya wazi namna hii yanaua mjadala. Itisha kikao. Mlaumu mtu wa mtandao, kisha umeme, kisha kijana wa fildi.

5. Jaza diski. Upangaji ukikosa nafasi kwenye work_mem huhamia kwenye faili za muda diskini, na temp_file_limit huja bila kikomo. Iache hivyo, na weka kila kitu kwenye diski moja. Ikijaa, tafuta folda nono ya kufuta. pg_wal itakuvutia. Zamani iliitwa pg_xlog, na watu waliifuta wakidhani ni logi tu, mpaka toleo la 10 la mwaka 2017 lilipoibadili jina. Ndani yake mna kumbukumbu za mabadiliko ambazo seva huzitegemea ili ifufuke baada ya kuanguka. Ukizifuta, hutahitaji tena mwongozo huu. Utahitaji nakala rudufu, ile ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha.

6. Zima, washa, sahau. Kipimo cha statement_timeout huja kikiwa sifuri, maana yake swali linaruhusiwa kuendelea mpaka Kiama. Usikiguse. Omba RAM zaidi, kisha rudi hatua ya 1 mwezi ujao.

Onyo. Mwongozo huu haufanyi kazi ukichanganywa na haya: safu chache zilizotajwa kwa majina, EXPLAIN kabla ya kuagiza, kikomo cha dakika tano kwa kila swali, seva ya pili kwa ajili ya ripoti pekee, na jedwali lililogawanywa kwa miezi. Ofisi ikiyashika hayo, makeshia wataendelea kuuza, ripoti itatoka, na simu yako haitalia usiku. Hatari yake si ndogo: bajeti ikifika, bosi atalipitia jina lako kwenye orodha ya mishahara, akunje uso na kuuliza, "Hivi huyu naye hapa anafanya kazi gani?"