Mwenye Kalamu Ndiye Asemaye

Kwetu Tarime ugomvi wa mke na mume una utaratibu wake. Mke anarudi kwao, wazee wanakaa chini ya mti, wanasikiliza, mwenye kosa anatozwa mbuzi, mbuzi analiwa. Ukishasikia harufu ya nyama unajua kesi imekwisha na aliyeshindwa anajulikana. Sasa mama watoto, mzaliwa wa Mugumu kule Serengeti, ambako ng'ombe wangu wa mahari bado wanamzalia baba mkwe, kaniambia safari hii hataki mbuzi. Anataka mshauri wa ndoa.

Nikasema kama ni hivyo twende baraza la usuluhishi la kata, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalitambua: kwa kawaida hufungui shauri la talaka mahakamani mpaka baraza liandike kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kisha nikapiga hesabu. Mwenyekiti, na wajumbe kuanzia wawili hadi watano, na kwetu mmoja wao ananidai hela ya mahindi. Wakili naye hawamtaki mle ndani, nami nilishamwandaa binamu yangu aliyesoma sheria. (Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Nusu karne imepita na kuna wazee huku wanaoamini ni tetesi.) Nikakubali mshauri.

Mshauri mwenyewe ni binti wa umri wa mwanangu. Kaniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akaanza kunihoji. Tulikutana wapi? Mara ya mwisho tulicheka pamoja lini? Mimi nilikuja na mashtaka yangu yamepangwa tangu mwaka wa mafuriko, hakuna aliyeyauliza.

Akatoa kalamu ya wino wa bluu, kifuniko kimetafunwa. Mwenye kalamu ndiye anayesema; asiye nayo anasikiliza, kisha anarudia alichosikia. Akampa mama watoto. Wanaume wa Tarime, mliona wapi jambo hili?

Mama watoto akasema, "Akirudi nyumbani anaisalimia redio kwanza."

"Haya, Mzee, rudia," akasema binti.

"Anasema hapendi nipate habari za nchi."

"Hiyo ni hukumu, Mzee. Rudia alichosema."

Nilirudia. Ilibidi nirudie tena, maana mara ya pili niliongeza habari za mama mkwe, ambaye hakuwa ametajwa. Kalamu ilipofika kwangu, muda wa kikao ulikuwa umebaki kiduchu, na mashtaka yote yakanitoka kichwani. Nikasema chai siku hizi haina tangawizi. Binti akaandika! Mama watoto akageuka kunitazama. Akasema alidhani niliacha kuipenda, kwa kuwa sijawahi kuisifu.

Nikamuuliza mshauri, kwa hiyo nani ana kosa? Akacheka. Akasema hapo hakuna hukumu, na kwamba watu wengi hurudi mara kadhaa kabla mambo hayajatulia. Yaani unarudi na kurudi, na mbuzi hakuna!

Akatupa na kazi ya nyumbani: kila jioni tukae wawili nje, bila redio, bila simu, tuzungumze. Jioni ya kwanza tumekaa kimya kwenye viti vyetu, jirani akapita, akatuona, akavua kofia. Akasogea polepole, akauliza nani amefariki.

Mama watoto akamjibu, "Bado."