Maji Si Dawa

Nikitoa mzani mdogo na kuanza kupima magadi, shangazi huuliza maharage yako wapi. Nimeshamweleza kwamba haya si yale mabonge ya sokoni, ni unga uliosafishwa, na mlaji wake ni udongo: tope laini ninalomimina kwenye kalibu za plasta kupata vikombe. Husikiliza, huchungulia ndoo, kisha hutoa hukumu: "Maji umeyabana mno, mwanangu."

Hapo ndipo ninapokosana na mtaa mzima. Kilo 10 za udongo mkavu nimezitia lita 4 tu za maji, na mwiko umesimama wima peke yake. Kila apitaye ana tiba ileile: ongeza maji. Mlinzi aliwahi kuitekeleza, kwa huruma, nilipokwenda sala ya adhuhuri. Tope lilitiririka vizuri ajabu! Kalibu zikanywa maji hadi zikashiba, vikombe vikasinyaa na kupasuka midomo yote.

Tiba ya kweli si maji, maana chembe za udongo ni vijibamba vidogo mno, na tabia yao ni kung'ang'aniana, ukingo wa hiki kwenye tumbo la kile, kama abiria wa daladala ya Mbagala jioni. Magadi, pamoja na kimiminika kiitwacho sodiamu silikati, huvipa chaji ya kusukumana. Kila kimoja kikishajitenga na jirani yake, maji yaliyonaswa katikati yanaachiliwa, tope linalegea bila tone la nyongeza. Gramu 30 hadi 50 zinatosha kilo hizo 10. Ukizidisha, linakuwa zito upya, safari hii kwa ukaidi. Maji ya kisima chetu, yenye chumvi, nayo huvuruga hesabu yote, kwa hiyo udongo wangu hununuliwa maji ya chupa. Mke wangu huwasimulia ndugu zake habari hiyo huku akiwamiminia chai kwenye vikombe hivyohivyo.

Silikati ndiyo inayonitia wazimu. Kwenye ndoo kazi yake ni kutenganisha. Nje ya ndoo ni gundi, hata viwanda vya maboksi huitumia. Tone likikauka kwenye hesi za chupa, kifuniko ndiyo basi. Juzi nilimpelekea fundi baiskeli jirani. Akaibana chupa magotini, akakamata kwa koleo, akanyonga kwa bismillah. Shingo ikakatika, kifuniko kikiwa palepale. Akadai shilingi 1,000, eti ya kufungua.