Barua ya Wazi kwa Meza Kuu

Kwa Waheshimiwa wa Meza Kuu,
Makongamano ya Fursa, Ubia na Uwekezaji,
Shinyanga, Kahama, Geita na popote palipofungwa turubai.

YAH: OMBI LA KUAJIRIWA KATIKA KADA YA WADAU

Waheshimiwa, itifaki imezingatiwa. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni kijana wa Kahama, fundi mitambo kwa cheti na mdau kwa kazi. Simu huja jioni kutoka ofisini: kesho asubuhi njoo na wenzako, kuna wawekezaji, vaeni vizuri. Nimekuwa mdau wa ubia wa mikoa, mdau wa ubia wa kanda, mdau wa mahusiano ya mgodi na jamii, na kuna siku nilikuwa mdau wa jambo ambalo hata mshereheshaji alilisoma mara mbili kwenye karatasi na bado akalikosea. Fulana ninazo. Kofia ninazo. Madaftari yenye nembo za wadhamini mama yangu anaandikia wadaiwa wa genge. Kwa yote hayo nasema wabeja sana.

Kazi ndiyo sijapata. Nimetafakari, nikaona mimi ndiye mzembe wa kuelewa. Ajira mnazozitangaza kila mwaka zipo, ila hazijarasimishwa. Ajira yenyewe ni hii ya kukaa chini ya turubai. Kwa hiyo naomba mniajiri kuwa Mdau, ajira ya kudumu, yenye pensheni.

Muundo wa utumishi nimeuandaa ili nisiwachoshe. Mdau Daraja la Pili ataketi nyuma, kwenye jua, na kupiga makofi kwa mpangilio anaoutaka mshereheshaji. Mdau Daraja la Kwanza ataketi nyuma ya viti vilivyofungwa vitambaa, na atatikisa kichwa kila neno "fursa" linapotajwa. Asipotikisa, barua ya onyo. Mdau Mwandamizi ataruhusiwa kuuliza swali moja, kwa dakika moja, lililopitishwa jana yake, na sekunde arobaini za mwanzo ziwe za kushukuru. Mdau Mkuu ndiye atakayeshika upande wa kushoto wa mfano wa hundi wakati wa picha ya pamoja. Hiki ni cheo kikubwa na kisitolewe kiholela, maana hundi ile ni pana kuliko mlango wa benki na upepo wa Shinyanga mnaujua.

OSHA wapime joto la turubai saa saba mchana, mgeni rasmi akiwa bado yuko njiani. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ututambue kwa ugonjwa wa kiuno utokanao na viti vya plastiki. NSSF wakate chao. Umri wa kustaafu uwe miaka 35, kwa kuwa kesho yake siitwi kijana tena na picha zenu zitaharibika. Mwajiriwa mpya asiulizwe uzoefu wa miaka mitano kama tunavyoulizwa tukipeleka barua za kuomba kazi mgodini, ingawa kwa kazi hii, kwa bahati nzuri, uzoefu tunao.

Mafunzo ya kada hii yatolewe mbali iwezekanavyo na makongamano. Naiga mfano uliopo: mpango wa kuwafundisha mafundi wa migodini ulipelekwa VETA Moshi, mkoa wa kahawa na mlima. Kijana wa Nyarugusu, kule Geita, apande basi hadi Kilimanjaro akajifunze kutengeneza mtambo unaonguruma nyuma ya nyumba ya mama yake. Waliopita pale ni mafundi wazuri kweli, sibishi. Nauliza tu aliyechora ramani hiyo alikuwa ameishika upande gani.

Kuna maombi mengine madogo. Fulana zije za saizi tofauti. Chakula kitangulie hotuba. Na neno "wazawa" lipumzishwe mwaka mmoja, limechoka.

Ubia wa mikoa jirani nauunga mkono, ila naomba mtukumbushe ulivunjika lini. Kabla ya mwaka 2012 mtu wa Masumbwe alikuwa mtu wa Shinyanga. Aliamka, akauza mpunga wake Kahama, akarudi. Mkoa wa Geita ukaundwa kwa vipande vya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Leo mtu huyohuyo, na mpunga huohuo, anahitaji hati ya makubaliano, bango na mgeni rasmi ili ashirikiane na Kahama.

Mafanikio yapo na mdau mwema huyataja. Migodi mikubwa ilikuwa ikizilipa halmashauri zetu dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu itoke kiasi chochote. Baadaye ushuru wa huduma ukawa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Sheria ya Madini inaitaka kampuni ikubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa kurudisha kwa jamii. Mwaka 2019 Geita ikapata soko la madini, na mchimbaji mdogo akaacha kupimiwa dhahabu yake gizani. Hata timu yetu, Geita Gold, kwa udhamini wa mgodi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikashuka 2024. Misimu mitatu. Wenzetu wanaoingia mgodini kupitia mawakala hupewa mkataba wa miezi mitatu.

Sasa naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya ratiba.

Mwaka 2016 Rais Magufuli alisimama Geita akaagiza wananchi wapewe magwangala. Mkoa wenye mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote nchini, na kilio chetu kilichofika hadi kwa Rais kilikuwa cha kugawiwa mawe ambayo mgodi umeshayatupa! Hatukuomba dhahabu. Tuliomba takataka, tena kwa unyenyekevu, tena tukaambiwa kuna utaratibu. Wazee wetu waliokuwa na maduara yao ya kuchimbia dhahabu Bulyanhulu waliondolewa Agosti 1996, na siku hiyo hakuna aliyewaita wadau. Mkataba wa Buzwagi, mgodi ambao ukisimama Kahama mjini unauona, ulisainiwa mwaka 2007 hotelini London. Basi la wadau halikukodiwa. Fulana hazikuchapishwa. Mbunge Zitto Kabwe alipouliza kwa nini London, Bunge likamsimamisha. Buzwagi ikachimbwa, ikaisha, uzalishaji ukakoma 2021, na ndipo tukaanza kuitwa chini ya turubai kuelezwa kwamba eneo litakuwa kanda maalumu ya kiuchumi, na kwamba maoni yetu ni ya thamani sana.

Mnaona mpangilio wake? Kukiwa na kitu cha kusaini, hatupo. Kikishakwisha, tunatafutwa hadi kwenye vijiwe vya bodaboda. Makofi yetu mmeyatumia kufunika shimo, na mnajua.

Samahani, Waheshimiwa. Ni jua.

Narudi kwenye ombi langu. Najua mtasema vijana tujiajiri, na kweli tulijaribu. Tuliunda kikundi kwa ajili ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, tukaandika katiba, tukachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa fedha ambazo hazikuwepo. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu uboreshwe. Katika muda huo wa kuboresha tuliitwa semina ya namna ya kutunza marejesho. Tulihudhuria wote. Mweka hazina ndiye aliyefurahi zaidi, maana angalau alipata kalamu.

Nikiajiriwa kuwa Mdau nitawaondolea usumbufu wa kuahidi. Mtasimama, mtasema "tumetengeneza ajira", na kwa mara ya kwanza nitapiga makofi bila kuelekezwa, kwa kuwa nitakuwa nimejiona kwenye takwimu.

Naambatanisha vyeti vyangu vya ushiriki. Kimoja kina jina la mtu mwingine. Naye ana changu, tumeshindwa kukutana kubadilishana kwa sababu ya nauli.

Na kuhusu nauli: ile ya kongamano lililopita bado. Karatasi ya malipo tulisaini wote wakati wa chai, safu ya kiasi ikiwa tupu, tukaambiwa itajazwa baadaye. Nina hakika imejazwa. Naomba tu nijulishwe nililipwa shilingi ngapi.

Wenu mtiifu,
Mdau,
Kahama.